Barafu ikiisha, krili watakula wapi?

Kati ya Julai na Oktoba, ukipanda boti pale Watamu unaweza kubahatika kuona nyangumi wa kibyongo akiruka na kuangukia maji kwa kishindo. Video zinajaa kwenye simu, waendesha boti wanapata riziki, kila mtu yuko sawa. Ila ni wachache huuliza huyu mnyama mkubwa hivyo anakula nini. Hapa kwetu hali karibu chochote. Huja kupandana na kuzaa. Mlo alishamaliza huko Bahari ya Kusini, karibu na Antaktika, na mafuta aliyojiwekea mwilini ndiyo yanamtosha safari nzima.

Mlo wenyewe ni krili, viumbe mfano wa uduvi, wakubwa wao wakiwa na urefu wa kidole tu. Na krili wanategemea barafu.

Barafu ya bahari si tupu vile unadhani. Upande wake wa chini huota mwani, mimea midogo sana. Watoto wa krili huzaliwa kiangazi. Baridi ikifika, jua likipotea na maji yakiwa hayana kitu, wao hukwangua huo mwani ndio waishi. Krili mzima anaweza kuvumilia njaa hadi mwili ukasinyaa, mtoto hawezi. Kisha barafu ikiyeyuka, maji yake mepesi hukaa juu ya maji ya chumvi, mwani unabaki penye mwanga na kuongezeka kwa kasi ajabu. Hapo ndipo karamu huanza.

Sasa tazama hali ilivyo. Septemba 2023, mwezi ambao barafu huwa imetanda zaidi, ilifika kilomita mraba milioni 16.96 pekee, kiwango cha chini zaidi tangu setilaiti zianze kuipima mfululizo mwaka wa 1979. Rekodi ya awali, ya 1986, ilipitwa kwa takriban kilomita mraba milioni moja. Hizo ni karibu Kenya mbili, zimekosekana tu hivyo.

Huku hayo yakiendelea, meli zinavua krili hao hao ili wawe lishe ya samaki wa kufugwa na vidonge vya omega-3. Tume ya kimataifa inayosimamia viumbe vya bahari hiyo, CCAMLR, iliweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka upande wa Atlantiki. Kulikuwa pia na kanuni ya kugawa kiasi hicho katika maeneo tofauti, meli zisirundikane mahali pamoja. Mwaka wa 2024 wanachama walishindwa kuelewana, kanuni ikafa. Msimu uliofuata kikomo kikafikiwa kwa mara ya kwanza, na uvuvi ukafungwa mapema, Agosti 2025.

Watetezi wa uvuvi watakwambia tani hizo hazifiki asilimia moja ya krili wote wa eneo hilo. Kwa hesabu ya jumla hawajakosea. Lakini nyangumi na pengwini hawali hesabu ya jumla. Wanakula pale walipo, na meli nazo hufuata makundi hayo hayo.

Msimamo wetu ni kwamba kanuni ya kugawa irudishwe, na kikomo kiwe kinashuka mwaka ambao barafu ni haba. Kusema kweli, nyangumi wa Watamu hula zaidi upande wa Bahari ya Hindi, mbali na meli nyingi. Lakini kikomo kisichojali barafu kikizoeleka Atlantiki, nani atakizuia kwingine?

Tume hukutana kila Oktoba mjini Hobart, Australia, na uamuzi hupita wote wakikubaliana. Kenya si mwanachama. Afrika Kusini na Namibia ni wanachama, na tuna mabalozi Pretoria na Windhoek. Wizara inayosimamia utalii wa Watamu inaweza kuanzia hapo, kabla ya Oktoba.