Baa Hii au Baa Hili?

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba, msimu ambapo malipo ya pili ya majani chai, yale tuyaitayo bonasi, huwafikia wakulima wadogo wa Kericho na Bomet, nilialikwa na rafiki yangu mmoja kwenda kuizindua baa yake. Msomaji asije akadhani kuwa rafiki yangu amefungua biashara mjini Litein. Yeye ni mwalimu wa shule ya upili, ana ekari chache za chai upande wa Kapkatet, na baa niliyoitiwa imo ndani ya sebule yake.

Nilipofika nilikiri moyoni kwamba fundi seremala alikuwa amefanya kazi ya kusifika. Kaunta ilikuwa ya mbao za mahogani zilizotoka Kongo, rangi yake kahawia iliyokolea hata ikakaribia weusi. Nyuma yake kabati la rafu nne lilipanda hadi darini, na nyuma ya rafu palitiwa vioo ili kila chupa ionekane kama mbili. Ukikagua kwa makini unagundua kuwa migongo ya makabati ni saiprasi ya kawaida iliyonyweshwa vanishi mpaka ikafanana na mahogani. Lakini hilo ni jambo la bei, wala halimwondolei fundi sifa yake. Viti vitatu virefu vilipangwa mbele ya kaunta, na juu yake zilining'inia taa ndogo zenye mwanga mzuri.

Katika mojawapo ya viti hivyo alikuwa amekaa binti wa mwenye nyumba, mtoto wa gredi ya sita, miguu yake haijafika chini, akifanya kazi ya ziada ya Kiswahili. Alikuja hapo, alivyonieleza, kwa sababu mwanga wa pale ulikuwa bora kuliko wa meza ya kulia. Zoezi lilimtaka aandike maana mbili za kila neno alilopewa. Alikuwa amemaliza "kaa", "paa" na "tembo", akakwama kwenye "baa". Maana ya kwanza ameiandika kwa hati nzuri: mahali pa kunywea pombe.

"Mwalimu," aliniuliza, "maana ya pili ni ipi?"

Baba yake aliangua kicheko. Nami nilicheka kidogo, kisha nikamjibu mtoto jinsi nilivyopaswa kumjibu. Tangu jioni ile swali lake halijanitoka, na ndilo nitakalo kulijadili na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi.

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba lugha yetu ina "baa" mbili zisizo na undugu. Moja ni neno kongwe lenye maana ya balaa, janga au jambo liletalo madhara. Hili limo katika ngeli ya LI-YA: baa hili, mabaa haya. Nyingine ni mgeni aliyetoka katika Kiingereza, akaingia katika ngeli ya I-ZI: baa hii, baa hizi. Kwa sikio na kwa maandishi maneno hayo hayatofautiani hata kidogo. Kinachoyatenganisha ni upatanisho wa kisarufi, yaani vile viambishi vidogo vinavyolizunguka neno. Vivyo hivyo wahenga waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ni kile kiambishi "-li-" kinachotuarifu kuwa kinachotiwa maji ni kinywaji cha mnazi. Lau angekusudiwa yule mnyama mwenye mkonga, tungesema "humtia".

Ninayoyasema leo ni kwamba kabati la pombe nyumbani lina tabia ya neno hilo. Mbao zenyewe hazina hatia. Nyumba mbili zaweza kuwa na kabati moja kwa sura na kwa gharama, nyumba ya kwanza ikawa na baa hii, ya pili ikawa na baa hili, kwa sababu ya mambo madogo yanayolizunguka: limewekwa wapi, lina mlango au halina, lafunguliwa lini, na nani hukaa mbele yake.

Kwanza nikiri kuwa simdharau anayetamani mbao nyeusi sebuleni. Tamaa hiyo ina historia katika milima yetu. Makampuni makubwa ya chai yalipoanza kufyeka na kupanda huku katika miaka ya 1920, walowezi walikuja na nyumba zao, vilabu vyao na kaunta zao za mbao zilizong'arishwa, kwa mfano wa zile za Uingereza. Mwafrika aliingia katika vyumba hivyo akiwa amebeba sinia. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikuwa umezuia pombe kali za biashara kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za kikoloni zikamnyima Mwafrika kile ambacho bwana wake alikinywa mbele ya macho yake. Wakati uo huo, mashamba yaliyolipia kaunta hizo yalikuwa juu ya ardhi iliyotwaliwa. Na mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi. Hivyo basi, mjukuu wa aliyebeba sinia anapojijengea kaunta kwa fedha za chai yake mwenyewe, kuna heshima anayoidai, na mimi si wa kumzuia asiidai.

Hata hivyo, tulipoipokea kaunta hatukuitazama kama chombo chenye desturi zake. Babu zetu wa Kipsigis walikuwa na mahali pao pa kunywea, na mahali hapo palikuwa na sarufi yake. Pombe ya wimbi ilitengenezwa na wanawake kwa siku nyingi: nafaka huchipuzwa, hukaushwa, husagwa, huchachuliwa. Chungu kiliwekwa katikati, wazee wakaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakitazamana. Palikuwa na sababu ya kunywa: arusi, upatanisho, kazi ya pamoja iliyokamilika, kumpokea mgeni. Palikuwa na utaratibu wa nani akae wapi na nani asiwepo kabisa, na mtoto alikuwa miongoni mwa wasiokuwepo.

La muhimu zaidi, msomaji, ni kwamba kinywaji chenyewe kilijiwekea mipaka. Pombe ya wimbi haikai; baada ya siku chache huchacha kupita kiasi ikawa haifai. Kwa hiyo haikuwezekana mtu kuiweka akiba apate kuionja peke yake kila usiku. Ilibidi inywewe na wengi, kwa siku moja, kisha chungu kikauka, na kupata kingine kulihitaji wimbi, kuni, siku na ridhaa ya mwanamke wa nyumba. Sisemi kwamba hapakuwa na walevi wakati huo. Nasema ulevi wa kila siku ulikuwa mgumu kuuendesha.

Chupa ya pombe kali haina mipaka hiyo. Haichachi wala haimngoji mgeni. Ukiirudisha rafuni leo, mwakani utaikuta kama ulivyoiacha. Kabati la mbao limechukua nafasi ya chungu bila ya kuchukua masharti ya chungu. Aidha, kaunta imebadilisha hata mkao wa wanywaji: badala ya kutazamana, wameketi safu moja wakizitazama chupa, na katika kioo kilicho nyuma ya chupa wanajitazama wenyewe.

Baa ya mjini nayo, pamoja na kelele zake, ina sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, John Mututho, ilimtaka mwenye baa awe na leseni, ikamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 wala kumruhusu kuingia panapouzwa kileo, na ikaweka saa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Sebuleni hakuna leseni, na hakuna askari atakayepiga hodi saa tano usiku. Mtunga sheria, mkaguzi na mfunga milango ni mwenye nyumba mwenyewe, naye huenda tayari amekunywa.

Rafiki yangu alikuwa na hoja yake, na kwa haki naileta hapa. "Daktari," aliniambia, "ni afadhali ninywe hapa mama watoto akiniona kuliko nikanywe mjini nirudi na pikipiki usiku wa manane. Na kinywaji changu nakijua kilikonunuliwa." Hoja hiyo ina uzito. Barabara zetu zimewaua wengi, na vifo vya Kirinyaga vya Februari 2024 vilituonyesha tena hatari ya kununua kileo usichokijua asili yake. Lakini hoja hiyo hutetea kunywea nyumbani. Haitetei kunywea mahali ambapo mtoto hukaa kuandika. Hayo ni mambo mawili, na tumezoea kuyachanganya.

Basi nifanyeje, mtu wa isimu nisiyejua kushika randa? Nitasema machache ambayo seremala yeyote wa Sotik au Kericho anayaweza, na mengi hayaongezi gharama.

Kwanza, kabati liwe na milango ya mbao inayofungwa kwa ufunguo, na chini ya milango hiyo chupa zote zijifiche. Uzuri wa mbao nyeusi umo katika nyuzi zake na katika kazi ya mkono, wala hauhitaji chupa kuutangaza. Baa ikifungwa na iwe kabati tu, mgeni asiyekunywa, mchungaji au mzazi aliyekuja kuzungumza na mwalimu, atakaa bila kuona haya.

Pili, liwekwe pembeni, mbali na njia ya watoto kwenda chumbani au jikoni. Katika nyumba nyingi nilizoingia, baa imewekwa mkabala na mlango mkuu, nasi tunalifahamu kusudi. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, ambamo vyombo vya kaure vilipangwa vionekane na wageni. Kila jamii ina mahali pake pa kuonyeshea inachokithamini. Mtoto hujifunza thamani hizo kwa macho kabla ya kuzisoma kitabuni.

Tatu, vioo viondolewe na viti virefu vipunguzwe. Wekeni meza ya duara na viti vya kawaida, watu watazamane kama walivyotazamana kwenye chungu. Mazungumzo hupunguza kasi ya kinywaji, na mwenzako aliye mbele yako huona umefika wapi kabla wewe hujaona.

Nne, rafu zigawanywe. Ni jambo la kushangaza kwamba katika nchi ya chai, nyumba yaweza kuwa na bilauri za aina nne kwa vinywaji vilivyotoka ng'ambo, na chai ikawa pakiti moja iliyoraruliwa jikoni. Majani yetu bora huteremka Mombasa mnadani, yakanywewa na watu wengine kwa adabu na vyombo maalumu. Hapa Kericho watafiti wa chai wametuletea hata chai ya zambarau, ambayo wakulima wengi wanaoijua kwa macho hawajawahi kuionja. Rafu moja ya mahogani ingeistahili. Rafu nyingine iwe ya kamusi na riwaya. Katika kabati lile la rafiki yangu, mwalimu wa miaka ishirini, sikuona kitabu hata kimoja. Vitabu vyake vilikuwa ndani ya katoni chini ya ngazi, vikisubiri, alivyosema, bonasi ijayo.

Naomba nisieleweke kuwa nahubiri. Jioni ile nilipokea bilauri moja nikainywa. Wala sina haki ya kumwambia mtu jinsi ya kuitumia fedha aliyoichuma kwa kuamka alfajiri katika umande. Ila walimu tuna mzigo ambao wenzetu hawana. Mtoto wa mfanyabiashara akiiona baa nyumbani, ameiona kwa baba yake tu. Mtoto wa mwalimu akiiona, ameiona kwa yule ambaye kesho asubuhi gwarideni atawaonya wanafunzi mia tano juu ya vileo. Wanafunzi wetu ni hodari wa upatanisho wa kisarufi; tusitarajie kuwa hawatauona ukosefu wa upatanisho baina ya maneno yetu na sebule zetu.

Wiki tatu baadaye nilipita tena Kapkatet. Seremala alikuwa ameitwa, na milango miwili ya mbao ilikuwa imetiwa mbele ya rafu, ina kufuli ya shaba. Rafiki yangu alinionyesha ufunguo mfukoni mwake bila kusema neno. Binti yake alikuwa bado kwenye kaunta na madaftari yake, kwani taa ya meza ya kulia haijatengenezwa. Nilimwambia baba yake kwamba balbu ya pale si ghali, nasi tukatoka pamoja kwenda dukani kuinunua.