Laptopu Moja, Wapenzi Wawili

Mwezi huu kisa ni cha kwangu mwenyewe.

Nyumbani mimi na mume wangu tunatumia laptopu moja, ya Linux. Alinitengenezea faili dogo, akaliita asubuhi.sh. Ndani kuna mistari minne tu, kila mmoja una amri xdg-open na anuani ya ukurasa: gazeti, benki, hali ya hewa, barua pepe. Naandika sh asubuhi.sh, kurasa zote zinafunguka zenyewe. Raha tupu!

Sasa sikia. Jioni moja yeye yuko bafuni, kivinjari amekiacha wazi. Nikaendesha faili langu. Barua pepe zikafunguka, lakini za kwake! Ya juu kabisa imeandikwa: "Kuhusu mkopo wako." Mkopo gani tena jamani?

Sikuiba neno la siri la mtu. Lile faili halijui nani ni nani, kazi yake ni kukabidhi anuani tu. Kivinjari kikiwa tayari kinafanya kazi, kinaipokea na kuifungua pembeni ya kurasa nyingine, kwa jina la yule aliyekwishaingia.

Vidole viliniwasha, sikatai. Lakini nilifunga, nikamsubiri, nikamwambia nilichokiona. Kumbe alimkopea mdogo wake ada ya chuo, akakosa pa kuanzia kunieleza. Iliniuma, na tuliongea mpaka saa saba usiku. Ila ningesoma kimyakimya, kesi ingegeuka kuwa yangu.

Sasa tumerekebisha. Kama mnatumia Firefox, andika about:profiles pale pa anuani, tengenezeni profaili mbili. Kisha ndani ya faili, badala ya ile mistari minne ya xdg-open weka mstari mmoja tu: firefox -P, jina la profaili yako, halafu anuani zote nne. Kila mtu na barua zake, kila mtu na maneno yake ya siri. Ila profaili siyo kufuli, mwenzio akitaka ataifungua. Mkitaka kufuli, kila mmoja awe na akaunti yake kwenye kompyuta, yenye neno la siri.

Najua wengine mtasema wapendanao hawafichani. Sawa kabisa, ndiyo maana mume wangu alipaswa kuniambia. Lakini kuambiwa na kuchungulia ni vitu viwili tofauti. Una wasiwasi na mwenzio? Muulize yeye, usiiulize laptopu.

Tukutane mwezi ujao!