Mtoto anayeziba masikio darasani

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na wazazi baada ya swala ya Ijumaa, lipo moja linalorudi kwa sura mbalimbali. Mama hueleza kwamba mwanawe akifika shuleni huziba masikio, hulia, au hutoka darasani mbio bila ruhusa. Akipelekwa madrasa, pindi wenzake wanapoanza kusoma Qur'ani kwa pamoja, hutia vidole masikioni na kupiga mayowe. Kisha mama yule hushusha sauti, hutazama huku na huku, na kuuliza lile ambalo ndilo lililomleta: "Sheikh, mwanangu hana shetani kweli?"

Tutangulize jibu kabla ya maelezo, kwa sababu mama huyu amekwishakesha vya kutosha. Kuziba masikio si ushahidi wa shetani. Wapo walimu, na sisi tulikuwa miongoni mwao, ambao wakimwona mtoto wa namna hii hukumbuka habari ya kaumu ya Nabii Nuhu (A.S.), waliotia vidole masikioni wasiusikie wito wake. Lakini wale walikuwa watu wazima wenye akili timamu. Walisikia, wakafahamu, kisha wakakataa. Kumpima mtoto wa miaka minane kwa kipimo chao ni kosa la tafsiri kabla halijawa kosa la malezi.

Tunalisema hili tukiwa na deni. Miaka mingi iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa mtulivu hadi usomaji uanze, kila mtoto na sura yake, kila mmoja akipaza sauti ili maalim amsikie, watoto zaidi ya 40 katika chumba kimoja chini ya bati. Hapo huinuka, akaziba masikio na kukimbilia nje. Mara ya kwanza tulimwita, mara ya pili tulimkemea, mara ya tatu tulimchapa henzirani mbele ya wenzake. Hakulia kwa ile henzirani. Alilia wenzake walipomcheka, akajibanza ukutani na kujipiga kichwa kwa viganja, nasi tukadhani ni aibu. Baadaye sana babu yake alitueleza kwamba nyumbani mtoto yule husoma Juzuu Amma peke yake usiku, baada ya redio kuzimwa na wadogo zake kulala. Kumbe kicheko cha watoto 40 kwa mpigo mmoja ndicho kilichomuumiza kuliko fimbo. Tulimwomba radhi babu. Mtoto hatukumwomba, na mpaka leo tunaona ilitupasa.

Hali aliyokuwa nayo inaitwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943 kupitia habari za watoto 11 aliowachunguza, na tangu wakati huo alikwishaandika kwamba baadhi yao walishikwa na hofu kubwa kwa sauti za vyombo vya kawaida vya nyumbani. Hata hivyo ilichukua muda mrefu jambo hilo kupewa uzito wake. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotoka mwaka 2013 ndio uliouingiza usumbufu wa milango ya fahamu katika dalili rasmi za usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na hali hii. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi 1,000 isishangae kuwa na watoto saba au wanane wa namna hiyo, hata kama hakuna aliyewapima. Mtoto huzaliwa nayo. Haisababishwi na chanjo. Andiko la mwaka 1998 lililoeneza dhana hiyo lilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililolichapisha. Wala haisababishwi na mama asiyependa mwanawe, ingawa walikuwepo wasomi huko Ulaya na Marekani waliowatwisha kina mama mzigo huo kwa miaka mingi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amempa mwanadamu kusikia, kuona, kunusa, kuonja na kugusa, na pamoja na hayo amempa neema nyingine ambayo wengi hatuijui kwa kuwa hatujawahi kuikosa: kuacha kusikia. Mtu mwenye duka Kariakoo huongea na mteja wake bila kuzisikia honi za daladala. Zinafika sikioni, ila ubongo unazichuja. Kwa watoto wengi wenye usonji chujio hilo halifanyi kazi hivyo. Sauti ya mwalimu, mburuto wa dawati, kikohozi cha jirani, feni, mtu anayefagia nje na lebo ya shati inayokwaruza shingo, vyote huingia kwa pamoja na kwa uzito mmoja. Mtoto haambiwi na ubongo wake lipi la kusikiliza na lipi la kupuuza. Wengine, kinyume chake, huhisi kidogo mno. Hao ndio wanaotafuta kelele, kurukaruka na kugonga meza. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Tuitazame basi siku ya mtoto huyu katika shule zetu za kawaida, maana vitabu vingi vya wataalamu vimeandikwa kwa shule zenye zulia na dari. Alfajiri anavalishwa sare mpya iliyokauka kwa wanga, na soksi zenye mshono unaobana vidole. Kama ni binti, na mtandio wa kitambaa kisichopitisha hewa. Saa moja na nusu yupo paredi, juani, ngoma ya shule ikipigwa hatua chache kutoka alipo. Kisha inagongwa kengele, na kengele yenyewe ni rimu ya gari inayopigwa kwa nondo. Anaingia darasani, wanafunzi 70, 90, pengine zaidi. Tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani wamepata elimu, na hilo ni la kushukuriwa, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Wanakaa watatu dawati moja, viwiko vikigusana. Vumbi la chaki, harufu ya uji ukiungua, harufu ya vyoo upepo ukigeuka. Darasa la jirani linakariri jedwali la kuzidisha. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, hata mwalimu huacha kufundisha. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kuwa kelele za chini chini darasani zisizidi desibeli 35, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kiasi cha 60. Hatudhani lipo darasa la shule zetu za mjini linalokaribia kipimo hicho.

Mzigo huu hujaa kama mtungi, tone kwa tone. Saa tano asubuhi mwenzake anamgusa bega kuomba ufutio, na mtoto analipuka: anapiga mayowe, anasukuma, anakimbia. Mwalimu ameliona tone la mwisho tu, hivyo anaandika katika daftari kwamba fulani amempiga mwenzake bila sababu.

Namna ya kutofautisha mlipuko huu na ujeuri wa kawaida ipo, na mzazi makini huijua. Mtoto anayedeka hukutupia jicho kuona kama unamtazama, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hatazami mtu. Hata ukimpa pipi hawezi kuacha, kwa sababu hakuwa anataka kitu, alikuwa anataka kitu kikome. Akishapoa huwa amechoka kama aliyetoka homani. Na si wote wanaolipuka. Wapo wanaozima kama taa, akainamisha kichwa juu ya dawati, ukimwita haitiki, na huyu huitwa mvivu. Wapo, hasa wasichana, wanaojikaza mchana kutwa, wakawa wanafunzi wa mfano, kisha wakifika mlango wa nyumbani wanaporomoka kwa kilio. Mwalimu humwambia mama, "Shuleni hana tatizo lolote," naye mama hubaki akijihisi kwamba tatizo ni yeye.

Profesa Temple Grandin wa Marekani, mtaalamu wa sayansi ya wanyama ambaye mwenyewe ana usonji, amesimulia kwamba kengele ya shule ilimuuma masikioni mfano wa keekee ya daktari wa meno inapogusa mshipa wa fahamu. Tulipoyasoma maelezo hayo tulimkumbuka yule mtoto ukutani.

Nini kifanyike, na familia isiyo na fedha? Kwanza mtoto mwenyewe afundishwe kuitambua dalili ya kujaa kwa mtungi wake kabla haujamwagika: masikio kuwaka, tumbo kukaza, mikono kutaka kutikisika. Asiyeweza kusema apewe kadi ndogo ya rangi aiweke juu ya dawati, na mwalimu akiiona amruhusu atoke dakika kumi bila kuulizwa mbele ya watu. Pahala pa kutokea pajulikane mapema: stoo ya vitabu, kivuli cha mwembe nyuma ya ofisi, popote penye utulivu. Ruhusa hii wapo walimu wanaoiogopa wakidhani itakuwa mchezo. Mtoto asiyepewa dakika kumi za hiari atazichukua saa mbili za mayowe.

Akae pembeni, ukuta ukiwa ubavuni mwake ili asiguswe pande zote mbili. Aingie darasani kabla ya msongamano au baada yake. Kiranja wa kengele amwashirie kabla ya kuigonga, kwani sauti inayotarajiwa huuma kidogo kuliko inayoshtua. Vizibio vya masikio vinasaidia wakati wa paredi, mvua na mapumziko. Visivaliwe mchana kutwa, masikio yakazoea kimya na kuona kila kitu ni radi. Sare mpya ifuliwe mara nyingi kabla ya kuvaliwa, lebo zikatwe, soksi zigeuzwe mshono ukae nje, na binti atafutiwe mtandio wa pamba uliochakaa kidogo. Kumtuma mtoto kupeleka rundo la madaftari ofisini kabla ya somo gumu ni dawa nzuri kwa wengi, maana uzito mikononi huwatuliza. Kijana mmoja tunayemfahamu hutembea na tasbihi mfukoni; akihesabu punje kwa vidole hutulia darasani, wala hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na katika hili madrasa zina jambo ambalo shule hazina. Mtoto mwenye usonji akiyumbisha mwili mbele na nyuma darasani huambiwa atulie. Chuoni kila asomaye huyumba, kwa hiyo yeye haonekani tofauti. Laiti tungepunguza sauti tu, wengi wao wangeiona madrasa kuwa mahali pao. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala ya jamaa iliyoongozwa na yeye mwenyewe ilifupishwa kwa kilio kimoja, maalim mwenye watoto 40 hashindwi kuwagawa wasome kwa zamu. Na misikiti yetu, tuseme ukweli, mingine ina safu tano za waumini na vipaza sauti vya ndani vinavyotosha viwanja vya Mnazi Mmoja.

Kumwombea mtoto dua ni jambo jema, nasi hatulikatai. Tunachokikataa ni kile kinachofanyika kwa baadhi ya wazinguaji: mtoto anashikwa na wanaume wawili, anasomewa kwa ukelele mlangoni mwa sikio, akipiga mayowe inasemwa shetani ameungua, na mzazi anatozwa fedha arudi wiki ijayo. Kwa mtoto aliyekwishaelezwa hapo juu, hayo ni mateso, na mayowe yake ni mayowe ya maumivu. Dua isomwe na mama, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa amelala ikibidi. Kisha apelekwe hospitali ya mkoa au ya rufaa, kwa daktari wa watoto na wataalamu wa utengamao, na masikio yake yapimwe vilevile, maana wapo wanaodhaniwa wana usonji kumbe wana maradhi ya sikio.

Mzazi anapokwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, aende kwa adabu lakini asiende kama muombaji. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayofaa kwa hali yake; na ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kwa Tanzania Bara, na Zanzibar nayo ina sheria yake. Kanuni za viboko za mwaka 2002 nazo haziachi fimbo mikononi mwa kila mwalimu: adhabu isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe. Kwa mtoto aliyezidiwa hata kimoja ni kingi, lakini angalau mzazi ajue mpaka wa kanuni uko wapi.

Yule mtoto wetu alirudi chuoni baada ya miezi kadhaa, kwa sharti la babu yake: asome baada ya Alasiri, barazani, na wenzake wasiozidi watatu. Tulikubali, ingawa baadhi ya wazazi walinung'unika kuwa anapendelewa. Baraza ile ilibaki hivyo hata alipohama na familia yake, na kila mwaka hupatikana mtoto wa kuikalia. Kamati za madrasa zinapopanga ratiba na kugawa vyumba, zitenge saa moja na pembe moja ya namna hiyo. Haihitaji tofali wala mchango wa mtu.

Wabillahi tawfiiq.