"Ndivyo Alivyo" Si Jibu

Tunapozungumzia haki kazini, fikra zetu hukimbilia mshahara, mkataba na saa za kazi. Ni sawa. Lakini lipo jambo jingine linalowatoa watu machozi kabla hata ya mwisho wa mwezi, nalo ni mfanyakazi mwenzao mwenye ulimi mkali, asiyeshirikiana na mtu, ambaye kila mmoja anamjua na hakuna kiongozi anayethubutu kumgusa.

Tuchukue zahanati moja tunayoifahamu. Muuguzi wa siku nyingi, hodari katika kazi yake, alikuwa na mazoea ya kuondoka bila kukabidhi zamu. Aliyempokea akimwuliza habari za wagonjwa, hujibiwa mbele ya wagonjwa haohao: "Kwani wewe chuoni ulisomea nini?" Binti mgeni kazini alikwenda kulalamika kwa mganga mfawidhi. "Mwanangu, vumilia," akaambiwa, "ndivyo alivyo." Alipokwenda mara ya pili aliambiwa amwombee. Asubuhi moja mtoto mwenye homa alikaribia kupewa tena dawa aliyokwisha kupewa alfajiri, kwa kuwa haikuandikwa popote. Mama mzazi ndiye aliyezuia.

"Ndivyo alivyo" ni maneno yasiyomgharimu chochote anayeyatamka. Gharama yake hulipwa na mnyonge: mfanyakazi mpya, mhudumu wa usafi, mgonjwa kitandani. Nasi katika taasisi za Kanisa tuna kosa la ziada, maana ukimya wetu tunauvika kanzu ya msamaha. Injili ya Mathayo, sura ya 18, haituelekezi kunyamaza. Inatutuma kwa ndugu aliyekosa tukiwa peke yetu, kisha pamoja na mmoja au wawili, kisha mbele ya kusanyiko. Wengi wetu tumejitungia hatua yetu wenyewe, nayo ni kunong'onezana jikoni.

Hatua ya kwanza ni ngumu, hilo hatulifichi. Hata hivyo yafaa mtu azungumze juu ya tendo moja, asihukumu tabia. Kumwambia mtu "Mama, jana nilipokea zamu bila ripoti, nikashindwa kujua nani amepata dawa" ni tofauti kabisa na kumwambia "Wewe ni jeuri." Na tuwe tayari kusikia jambo ambalo hatukulitegemea. Muuguzi yule, tulikuja kufahamu, alikuwa amebeba zamu za usiku miaka mingi pasipo mtu kumwuliza hali. Hilo halimpi ruhusa ya kutukana, ila linaeleza kwa nini naye aliacha kuwajali wenzake.

Maneno yakishindwa, ishikwe kalamu. Iandikwe tarehe, saa, kilichosemwa, na hasa madhara yaliyoipata kazi. Kisha wawili au watatu wapeleke barua yenye ombi moja tu linalotekelezeka. Kiongozi anayeogopa kumkemea mtu aghalabu haogopi kutia sahihi utaratibu. Pale zahanatini wauguzi waliomba kwamba asiondoke mtu kabla ya anayetoka na anayeingia kusaini daftari la ripoti mbele ya kila mmoja. Mganga mfawidhi, aliyeshindwa kukemea kwa miaka, alikubali ndani ya juma moja. Ulimi wa yule muuguzi haukulainika. Dawa, hata hivyo, sasa zinaandikwa.

Uongozi ukiendelea kunyamaza, barua ipande ngazi ya juu: kamati inayosimamia taasisi, au tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitambua kwamba mfanyakazi anayeondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike huweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini kanuni za mwaka 2007 zilitazamia kwamba awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, isipokuwa ana sababu ya maana ya kutozitumia. Kwa hiyo asitupe barua ya kuacha kazi kwa hasira, huku hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alilalamika.

Nanyi mapadre paroko na walei mnaokaa katika kamati, tumewasikia mkisema kwamba sheria imewafunga mikono, kwamba mtu hafukuzwi hivi hivi. Kweli, yatakiwa sababu halali na utaratibu wa haki. Lakini nani aliwaomba mfukuze? Utaratibu huohuo unajua kuita mtu, kumsikiliza, kumwonya kwa maandishi na kumpa muda wa kujirekebisha. Hayo yote mngeweza kuyafanya mwaka wa kwanza.

Yule binti hakuliona daftari likisainiwa. Alikuwa ameondoka miezi miwili kabla. Katika barua yake ya kuaga aliandika "sababu za kifamilia," na hakuna aliyemwuliza zaidi.