Anayekaa nyuma

Haya jamani, kwenye kipindi tulimtaja Douglas Sidialo, Mkenya aliyepoteza macho kwenye mlipuko wa Nairobi, 1998, halafu akapiga baiskeli ya watu wawili toka Cairo mpaka Cape Town. Safari ile huandaliwa na kampuni ya hapa hapa Toronto, mjue.

Mimi huendesha ya namna hiyo na binamu yangu asiyeona, kwa hiyo fremu inanihusu. Ni ndefu na inakanyagwa na miguu minne. Ikiwa laini inajipinda, usukani unacheza, na wa mbele ndiye anayepigana nao. Dawa ni mabomba manene: unene wa chuma ukibaki ule ule, kipenyo mara mbili kinaongeza ugumu wa kujipinda kama mara 8.

Shida ni wa nyuma. Kakaa karibu na gurudumu, shimo halioni. Mimi nikiliona nainuka kidogo. Yeye linampata amekaa. Wengine humtafutia fremu laini. Sikubali! Fremu iwe ngumu, ulaini utoke kwenye tairi pana na kiti chenye springi. Reli za tramu pale Queen Street tunazikata moja kwa moja, na “shimo!” nalisema mapema.