Malipo ya mkupuo ndiyo kasoro ya SHA

Wapo wanaolaumu makato ya asilimia 2.75 ya mshahara yanayokwenda SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii nchini Kenya, ilhali kwa mwajiriwa wa kipato cha chini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imekuwa nafuu. Anayelipwa shilingi 20,000 alikatwa 750 enzi za NHIF, mfuko wa bima ya hospitali uliotangulia SHA. Sasa anakatwa 550. Wa 100,000 ndiye aliyepandishwa kutoka 1,700 hadi 2,750, na sioni dhuluma hapo, kwani bima ya umma ni kuchangiana. Wanaoumia ni mama mboga na mtu wa bodaboda. Hao hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu nyumba wanamoishi, kisha wanatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, ni 3,600 mara moja, tena kwa mtu ambaye pesa yake huingia na kutoka siku hiyo hiyo.

Watetezi wa mkupuo watasema, na wana hoja, kwamba malipo ya kila mwezi yaliiponza NHIF: mtu alilipa akiugua, akapona, akatoweka. Lakini mkupuo unaizidisha tabia hiyo. Mwenye afya ataahirisha; atakayejikakamua kutafuta 3,600 ni yule ambaye tayari ana mgonjwa wa figo nyumbani. Mfuko ukibaki na wagonjwa watupu, hospitali zitacheleweshewa malipo na mzigo utamrudia anayekatwa kwenye mshahara. Wabunge warekebishe sharti hilo la mkupuo: mama mboga aruhusiwe kulipa kila wiki kwa M-Pesa, na atakayekatiza asubiri muda fulani kabla ya kutibiwa tena kwa bima.