Kosa ni la "ough", si la huyo msee

Wasee, tuache hii tabia ya kurekodi mtu akishrub kisha anachekwa wiki nzima. Hasa kwa maneno ya "ough". Cheki: "though" ni dho, "through" ni thru, "tough" ni taf, "cough" ni kof, "bough" ni bau. Herufi ni zile zile nne, sauti tano! Na bado "hiccough" inasomwa hikap. Sasa hapo unamcheka nani?

Zamani hiyo gh ilitamkwa, sauti ya kukwaruza kooni. Waingereza wakaiacha, kwingine wakaigeuza f, lakini spelling ikaganda vitabuni, maana William Caxton alikuwa ameshaleta mashine ya kuchapa Uingereza tangu 1476. Yaani tunachekana juu ya sauti wenyewe walitupa. Kwetu ni lugha, ghali, ghafla: ukijua gh moja umejua zote.

Mimi nilishawahi kunyamaza darasani juu ya "thorough", na jibu nilikuwa nalo. Mwenye bado anacheka watu, kuna mji Uingereza unaitwa Loughborough. Atume voice note akiusoma. Na asigoogle.